Mdomo wa Misumari

"Panua mdomo."

Fundi akapanua.

"Inua ulimi. Juu zaidi."

"Mke wangu, mimi ni ng'ombe wa mnadani?"

"Ng'ombe akimeza kitu, kinafika tumboni. Wewe sina hakika. Inua."

Aliinua. Chini ya ulimi hapakuwa na kitu. Kidonge cha kuongeza damu, chekundu kama kutu, kilikuwa kimeteremka na funda moja la maji, tena funda dogo, maana hata maji siku hizi alikuwa anapimiwa. Mkewe alikikagua kinywa kile kwa macho ya askari wa lango la gereza, akaguna, akageuka arudi kwenye cherehani yake. Ndipo wote wawili walipoona kwamba mwenye kochi la kijani amesimama kizingitini, mkoba kwapani, na ameyaona yote.

"Samahani," alisema. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na sauti yake bado ilikuwa inatafuta watoto wa kunyamazisha. "Nimewakuta kwenye mambo ya ndani."

"Karibu, mwalimu. Ni dawa tu."

"Ya minyoo?"

"Ya damu."

Mwalimu alicheka. "Mtu anayenyonya misumari kutwa kama peremende akose damu? Chuma chote hicho kinakwenda wapi?"

Fundi naye alicheka, lakini midomo ameifumba. Mtaa mzima ulimwita Misumari, na jina hilo alilitolea jasho. Alikuwa fundi wa makochi. Alijaza kiganja cha misumari midogo kinywani, akaifungia shavuni, kisha ncha ya ulimi ikawa inausukuma mmoja mmoja mpaka kwenye midomo, kichwa mbele. Nyundo yake ilikuwa na sumaku. Iliuchukua msumari mdomoni mwake kama kuku anavyodonoa punje, ikaugonga kwenye mbao, ikarudi kuchukua mwingine. Zamani watu walisimama barazani kumtazama. Mkono haukupumzika, na kitambaa kilinyooka kwenye mbao kana kwamba kimezaliwa nazo.

Sasa kochi la kijani lilikuwa limekaa katikati ya chumba cha mbele likiwa uchi, springi nje, mbao nje. Misumari aligonga kidogo, akakaa. Akagonga tena, akakaa tena, mkono kifuani. Moyo wake ulikuwa umechoka kusukuma na figo zimechoka kuchuja, na kati ya hivyo viwili damu ilikuwa inapungua mwezi hadi mwezi. Miguu ilimvimba mpaka kandambili zikamwachia alama.

"Kochi langu, fundi?"

"Wiki hii, mwalimu."

"Wiki hii ulinipa pia mwezi uliopita. Nina wageni, fundi. Nisiwakalishe kwenye springi."

Alipoondoka, cherehani ilianza kulia kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Mke wa Misumari hakuwa mkali kwa kuzaliwa. Ukali huu ulimwingia kliniki, siku daktari alipomvuta pembeni na kumwuliza kwa upole, "Mama, una hakika anazimeza? Maana damu haipandi kabisa." Swali dogo tu. Lakini alirudi nalo nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo, na tangu hapo kila asubuhi mumewe alipanuliwa mdomo kama mtoto aliyeiba sukari.

Kitu kimoja hakukitilia maanani. Mumewe alipanua nusu tu, na kila mara pumzi yake ilinukia karafuu. Yeye aliichukulia kuwa ni adabu ya mtu mzima anayejua atakaguliwa.


Wifi alikuja Jumapili na jagi lililofunikwa kwa kitambaa cheupe.

Alikuwa dada yake Misumari, mpishi mkuu wa shule ya bweni, mwanamke mpana aliyezoea kusemeza watu kwa mwiko. Kwake yeye, maradhi yote duniani yalikuwa njaa iliyobadilisha nguo. Aliweka jagi juu ya meza ya kukatia vitambaa na kulifunua. Ndani mlikuwa na juisi nzito, nyekundu iliyoiva, imesagwa na mboga za majani.

"Kaka, kunywa. Hii ni damu yenyewe, imekosa mishipa tu."

"Wifi, asinywe," mke alisema bila kuinuka kwenye cherehani. "Figo zake haziwezi kuitoa chumvi ya mboga hizi mwilini. Daktari alisema inaweza kuusimamisha moyo."

"Mboga isimamishe moyo?"

"Kwa mwenye figo kama zake, ndiyo."

"Daktari gani anayekataza mboga? Au anayekataza ni wewe, daktari tunamsingizia?"

"Mwulize kaka yako. Tulikuwa naye."

Wote wawili wakamgeukia Misumari. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, shavu moja limetuna, na haikujulikana kama ni misumari au ni kitu kingine. Alikuwa mtu mpole, na wapole wana ubaya wao. Ukiwategemea kusema neno moja, hulitafuna mpaka wakati wake upite.

"Tusigombane," alisema hatimaye.

Hilo halikumsaidia mtu. Wifi alisogea mpaka mlangoni, mahali ambapo sauti yake ingefika kwa jirani bila nauli.

"Wifi yangu, mimi nakuheshimu. Lakini tulipokukabidhi huyu alikuwa mweusi anang'aa. Leo mtazame, kapauka kama kitambaa kilichosahauliwa juani. Mtu haishiwi damu kwenye nyumba yenye sufuria."

Cherehani ikanyamaza.

"Sufuria ipo," mke alisema polepole. "Ingia ukaifunue."

"Sifunui ya mtu. Nakwambia hivi: akirudi kliniki mwezi huu na damu haijapanda, namchukua. Nalisha shule nzima, sishindwi na kaka yangu."

Aliliacha jagi pale pale. Mke alilimwaga nyuma ya nyumba, na jirani aliyekuwa anaanika nguo akaona wekundu ule unavyotiririka kwenye mtaro. Jioni yake mtaa mzima ulikuwa na habari: mke wa Misumari anamwaga chakula cha mgonjwa.


Damu ilikuwa imeshuka.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, mwenye tabia ya kuchorachora karatasi anapofikiri. Alichora duara, akalipigia mistari.

"Anazimeza," mke alisema kabla hajaulizwa. "Namtazama mwenyewe. Mpaka chini ya ulimi."

"Nakuamini, mama. Na nikuombe radhi kwa swali lile. Safari hii nimepima akiba ya chuma mwilini mwake, na akiba ipo. Imejaa."

"Sasa kama ipo, damu haipandi kwa nini?"

"Kwa sababu mwili umeifungia." Aliligonga lile duara kwa kalamu. "Kuna kitu kinawaka ndani yake. Moyo ukichoka na figo zikichoka, moto kidogo huwapo. Huo naujua na nilikuwa nimeuhesabu. Lakini kipimo hiki kimepanda kuliko hapo. Mwili wake unapigana na kitu. Na mwili ukiwa vitani hukifungia chuma ghalani, kwa sababu vijidudu vya maradhi navyo vinakihitaji. Nikimpa vidonge ndoo nzima, haitasaidia. Mlango umefungwa."

"Basi mwongezeeni damu. Chukueni yangu, mimi ninayo."

"Damu ni maji pia, mama. Moyo huu ukiubebesha ghafla unaweza kuzama. Ikishuka zaidi ya hapa itanilazimu, lakini nitafanya huku naogopa." Akamgeukia Misumari. "Baba, na figo zimeharibika haraka kuliko nilivyotarajia. Kuna kitu unakunywa ambacho sikukupa mimi? Dawa za mitishamba? Vidonge vya maumivu?"

"Hapana."

"Una kidonda popote? Jipu? Kikohozi? Jino bovu?"

Misumari alimtazama mkewe, akatazama duara kwenye karatasi.

"Hamna, daktari."

Alidanganya. Alidanganya kwa utulivu kabisa, mdomo umefunguka kiasi cha kupitisha maneno tu, na wanawake wawili waliokuwa wanapigania uhai wake wakaandika uongo ule, mmoja kwenye faili, mwingine moyoni.


Wifi hakuhitaji kuambiwa. Alimwona kaka yake anavyopandishwa ngazi za baraza kwa kushikwa kiwiko, na kesho yake akaja na teksi na mfuko mkubwa wa nguo, mtupu.

Mwalimu mstaafu naye alikuwapo, amekuja kuulizia kochi. Hivyo ugomvi ukapata mtazamaji wake.

"Nimekuja kumchukua kaka yangu," wifi alisema.

"Mume wangu si kochi, la kuletwa na kuchukuliwa."

"Kochi lina nafuu. Kochi likichakaa hapa linatengenezwa."

Mwalimu alikohoa na kujifanya anakagua dari.

"Wifi, daktari amesema si chakula. Kuna kitu kinawaka mwilini, hawajakijua."

"Kinachowaka ni njaa! Kaka, simama. Nguo zako ziko wapi? Nyundo yako utaichukua, kule utakuwa unajishughulisha polepole."

Alianza kukusanya mwenyewe. Mkasi, nyundo ya sumaku, kamba. Alipofika kwenye kopo la misumari, Misumari alinyoosha mkono kwa kasi ambayo haikuonekana kwake tangu augue.

"Hilo liache!"

Labda asingesema, lingebebwa salama. Wifi alishtuka, kopo likamponyoka, misumari ikamwagika sakafuni kwa sauti ya mvua ya ghafla. Na kati ya misumari ile vikabingirika vidonge.

Kimoja kilibingirika mpaka kwenye kiatu cha mwalimu, kikalala.

"Ndiyo hizo!" wifi alilipuka. "Ndiyo dawa zenyewe! Hamezi! Mke yupo ndani ya nyumba na mume anatema dawa kwenye kopo!"

Mke wa Misumari aliinuka kwenye cherehani. Uso wake haukuwa na hasira bado. Ulikuwa na aibu tu, aibu ya mtu aliyeapa mbele ya daktari. Mpaka chini ya ulimi, alikuwa amesema. Alipiga magoti sakafuni na kuanza kuviokota, misumari ikimchoma vidole. Akakiinua kimoja kwenye mwanga wa mlango.

Dawa ya damu ilikuwa nyekundu kama kutu. Hiki kilikuwa cha manjano.

"Hivi si vyake," alisema. Kisha akamgeukia mumewe, bado amepiga magoti. "Hivi ni vya nini?"

Misumari aliliinua kopo tupu, akalisimamisha.

"Baba. Hivi ni vya nini?"

Misumari alilishika shavu lake kwa kiganja, kama mtu anayetaka kuuziba mdomo wa mtu mwingine. Na katika kitendo hicho kidogo mkewe akayaona mengi kwa pamoja: ile karafuu, kile kicheko cha midomo iliyofumbwa, chakula kinachotafunwa upande mmoja, maji ya baridi yanayokataliwa.

"Panua mdomo," alisema, lakini safari hii taratibu.

Alipanua. Alipanua wote, mpaka mwisho. Mke aliwasha tochi ya simu, akamshika kidevu, akainamisha kichwa. Hakutazama chini ya ulimi. Alitazama nyuma kabisa, kwenye gego la chini, mahali ambapo miaka yote ile misumari ilikuwa inapumzika ikisubiri zamu yake. Jino lilikuwa limebaki gamba. Fizi kando yake ilikuwa imevimba, imeiva, na ilipoguswa kidogo tu ilitoa usaha. Harufu ilipita juu ya karafuu ikamfikia hata wifi.

"Tangu lini?" wifi aliuliza. Sauti ya mwiko ilikuwa imemwisha.

"Tangu kabla ya mvua."

"Na vidonge?"

"Vya maumivu. Duka la dawa la kona. Asubuhi na jioni. Likinizidi, na mchana."

"Nakupimia maji kwa kikombe cha mtoto," mke alisema. "Chumvi nimeitoa nyumba hii, natafuna chakula kama karatasi ili usijisikie peke yako. Na wewe unachota dawa za duka kwenye kopo la misumari. Kwa nini hukusema, tukaling'oa?"

Misumari alitazama sakafu.

"Kung'oa jino ni kumwaga damu," alisema. "Na damu yenyewe ndiyo hiyo mnayoilia kila mwezi, imeshuka, imeshuka. Ningeitoa wapi ya kumwaga? Hata mzee mmoja niliyelazwa naye wodini aliniambia, mwenye moyo mbovu akikalia kiti cha meno hainuki. Nikasema, damu ipande kwanza. Ikipanda, nitakwenda."

Wifi alijikuta amekaa, na alichokalia ni kochi la kijani, juu ya springi tupu. Zilimchoma na hakuinuka.

"Mimi nilidhani ni njaa," alisema, kwa sauti ya chini.

Mwalimu mstaafu alikiokota kile kidonge kilicholala kwenye kiatu chake, akampa mke wa Misumari mkononi, akatoka. Teksi bado ilikuwa inasubiri. Wakapanda wote watatu kwenda hospitali, na ule mfuko mtupu ukabaki mlangoni.


Daktari alivipanga vidonge vya manjano juu ya meza yake na kuvitazama kwa muda. Hakupandisha sauti.

"Jino tutalitoa. Wa meno wako jengo la pili. Nitaongea nao mwenyewe, wajue moyo wako na dawa zako zote. Watu wa moyo wanang'olewa meno kila siku, baba. Lililokuwa linakuua ni kulibakiza." Akavikusanya vile vidonge na kuvitia kwenye bahasha. "Na hivi. Hivi vinazuia maji yasitoke mwilini, na figo dhaifu vinazimaliza. Kiasi kilichokwenda sidhani kama kitarudi chote."

Kisha akasema, kama mtu anayejikwaa na jambo alilotaka kuliruka, "Lakini nilikuuliza. Nilikuuliza kwa maneno haya haya."

"Uliniuliza, daktari."

"Ukasema hamna."

"Uliniuliza mbele yake." Alimwonyesha mkewe kwa kidevu. Hakuwa na chuki hata chembe, na ndiyo maana maneno yake yalichoma. "Nyumbani nilishakuwa mfungwa. Mfungwa hasemi mbele ya askari."

Mke wa Misumari alitoka nje ya chumba kile, akasimama kwenye ukuta wa varanda akitazama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Wifi alimfuata. Walisimama bega kwa bega, wanawake wawili waliokuwa wamegombania nani anampenda zaidi mtu mmoja, na hakuna kati yao aliyekuwa amemtazama vizuri kinywani.

Jino lilitolewa baada ya vijidudu kutulizwa kwa sindano. Misumari alishika mikono ya kiti kama anayetaka kuing'oa yeye. Lilipotoka, daktari wa meno alimpa beseni dogo ateme. Alitema, akaliinamia beseni na kulitazama muda mrefu.

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu, mzee. Uma pamba hii."

Haikujaza kijiko. Misumari alitazama tone lile alilolilinda tangu kabla ya mvua, akatazama pembeni, na machozi yakamteremka mpaka kwenye pamba. Daktari wa meno alidhani ni maumivu.


Mwalimu hakuweza kungoja. Siku Misumari aliporuhusiwa kurudi, alikutana na kochi la kijani njiani, linabebwa na wapagazi wawili, springi zake nje, linapelekwa kwa fundi mwingine. Mwalimu alikuwa nyuma yake, akainua kofia. Misumari naye aliitikia kwa mkono. Wageni wa watu hukaa kwenye makochi.

Moto wa ndani ulipotulia, daktari alimchoma sindano ya kuuhimiza mwili utengeneze damu, maana ghala la chuma sasa lilikuwa limefunguka. Damu ilianza kupanda, taratibu, kama mgonjwa mwenyewe anavyopanda ngazi za baraza. Figo hazikurudi. Daktari alishaanza kuitaja ile mashine ya kusafisha damu. Aliitaja kwa mbali, kwa maneno ya "huko mbele" na "tukifika huko," na wao walikuwa wamejifunza kuyasikia maneno ya aina hiyo. Wifi alikuja kila Jumapili na bakuli la chakula kisicho na chumvi. "Hiki nimemwuliza daktari mwenyewe," alisema kila mara akivuka kizingiti, "msinitazame hivyo."

Asubuhi moja mke aliweka kidonge na kikombe cha mtoto mbele ya mumewe, akaenda zake kwenye cherehani. Kilikuwa kidonge cha moyo. Vile vya kutu viliachwa. Misumari alimeza, akasubiri. Cherehani iliendelea kulia.

"Leo hunikagui?"

"Umeshameza, baba. Kaa ule."

Alikaa kidogo. Kisha akainuka, akaizunguka meza ya kukatia, akasimama mbele ya cherehani, akainama na kupanua mdomo mwenyewe, wote.

Mguu wa mkewe ukasimama juu ya kanyagio. Alitazama. Mahali pa gego palikuwa pamefunga, fizi imelala vizuri, safi kama ya mtoto. Hapakuwa na harufu ya karafuu. Alitazama zaidi ya alivyohitaji, kisha macho yake yakaja mbele, kwenye midomo. Ilikuwa bado imepauka.

"Funga," alisema. "Pamepona."



Kwenye benchi palikuwa na kiti cha mezani cha mtu, kazi ndogo, ngozi tayari imekatwa. Misumari aliichukua nyundo yake, akachota misumari kwenye kopo, na mkono ukaelekea mdomoni wenyewe kwa mazoea ya miaka. Njiani ukakutana na mkono wa mkewe. Alikuwa ameacha cherehani. Akaipokea ile misumari yote, akaitandaza juu ya kiganja chake, akakiweka kiganja karibu na mbao, mahali ambapo nyundo ingekifikia.

"Haya," alisema. "Chukua hapa."

Sumaku ikachukua mmoja. Akagonga. Ukaingia sawasawa. Akachukua wa pili, akagonga, kisha akateremsha nyundo, akaegemea benchi akitafuta pumzi, na macho ameyafumba.

Mkewe hakumwambia apumzike, wala hakumwambia ajikaze. Alikaa vile vile, kiganja wazi, misumari imelala juu yake, akasubiri.